Joginder Singh: Makanika wa Kericho aliyegeuka Simba wa Safari Rally, na somo lake kwa mafundi chipukizi

KAMA wewe ni kijana wa Kakamega unayejifunza umakanika, bila shaka hili limeshakupata. Probox inaingia gereji jioni. Imetoka Kisumu na abiria, imepanda mlima wa Nyang'ori, ikapita Mbale, Chavakali na Khayega, na sasa injini inalia. Mwenye gari ana haraka, anataka kujua saa hiyo hiyo ni kitu gani na ni pesa ngapi. Wewe nawe, badala ya kusikiliza, unakimbilia spana.

Hapo ndipo hasara nyingi huanzia. Unafungua kilichokuwa kizima, unanunua spea isiyohitajika, na kesho yake gari linarudi likilia vilevile. Mwenye gari hasemi kitu, lakini kutoka siku hiyo anapeleka gari lake kwingine, na wenzake wa stejini anawaeleza kwa nini.

Leo nataka nikusimulie maisha ya mtu ambaye alianza kama wewe, mikono ikiwa na grisi, akamaliza akiwa mmoja wa madereva wakubwa zaidi waliowahi kutoka Afrika Mashariki. Jina lake ni Joginder Singh. Wazee wako wakisikia jina hilo watatabasamu. Wewe huenda hulijui, kwa sababu alifariki mwaka 2013 na ushindi wake wa mwisho wa Safari ulikuwa wa 1976. Lakini ukishika spana, una sababu ya kumjua.

Mtoto wa gereji

Joginder Singh Bhachu alizaliwa Kericho mnamo Februari 9, 1932. Huku kwetu Kakamega miaka hiyo mambo yalikuwa moto. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1931, wageni wakafurika kutafuta utajiri, na hadi leo ukitaja Rosterman kila mtu anajua unazungumzia machimbo. Barabara zilikuwa za udongo. Mvua ya masika ikinyesha, gari lilikuwa linakwama hadi watu walisukume, na likiharibika njiani hakukuwa na simu ya kumwita fundi.

Baba yake, Battan Singh, alikuwa ametoka Punjab, India. Masingasinga wengi waliokuja Afrika Mashariki enzi hizo walikuwa watu wa kazi za mikono: waashi, maseremala, wahunzi na mafundi wa reli. Mzee Battan Singh alikuwa na gereji, na kijana wake akakulia katika harufu ya petroli na milio ya injini. Joginder alikuwa kifunguamimba katika familia kubwa, na kifunguamimba unajua mambo yake: kazi ikiwepo, yeye ndiye wa kwanza kuitwa.

Alijifunza ufundi kwa njia ambayo wengi wenu hapa Kakamega mnaijua, yaani kwa kusimama kando ya anayejua, kumpa vifaa, kuosha vyuma kwa petroli, kutazama, na pole pole kuachiwa kazi ndogo. Miaka hiyo hakukuwa na mashine ya kuchomeka kwenye gari ikuandikie kosa. Fundi alikuwa na macho, pua, vidole na masikio. Basi.

Fundi wa barabarani

Mwaka 1958 Joginder alipata kazi iliyomfaa sana. Chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, ambacho leo tunakijua kama AA Kenya, kilimwajiri kuwa mhudumu wake wa kwanza wa doria barabarani. Kazi yake ilikuwa kuwafikia wanachama waliokwama na kuwasaidia waendelee na safari.

Hebu jiweke mahali pake. Uko barabarani, jua linawaka, mbele yako kuna gari la mtu ambalo hulijui historia yake. Huna duka la spea karibu. Huna shimo la kuingia chini ya gari. Una sanduku la vifaa tu, na familia nzima imekaa kando ya barabara ikikutazama. Ukikosea kutambua shida, utamaliza saa mbili ukifungua kitu kisicho na makosa. Katika kazi kama hiyo huwezi kuanza na spana. Unaanza na maswali, halafu masikio.

Hapa tusimame kidogo tuyatazame maswali yenyewe, maana ndiyo urithi unaoweza kuutumia kesho asubuhi.

La kwanza, mlio unatokea lini? Injini ikiwa baridi au ikishapata moto? Gari likipanda mlima au likiwa limesimama? La pili, mlio unafuata nini? Simamisha gari, weka gia huru, halafu kanyaga mafuta. Mlio ukiongezeka pamoja na injini, shida iko kwenye injini au kitu kinachozungushwa na injini. Ukipotea kabisa na kurudi gari linapotembea tu, achana na injini, katazame beringi za magurudumu, matairi na ekseli. Swali hilo moja limeokoa injini nyingi zisifunguliwe bure. La tatu, mlio unatoka wapi: juu, chini, mbele kwenye mikanda, au kando kwenye eksozi?

Na kabla ya yote hayo, chomoa kile kijiti cha kupimia oili. Zima injini, acha oili ishuke, futa kijiti, kirudishe, kichomoe tena usome. Utashangaa ni mara ngapi jibu linakuwa hapo. Oili ikipungua, vyuma vinagongana, na injini inaanza kulia ikiomba msaada. Kakamega tuna jiwe letu linalolia pale Ilesi, na wageni hutoka mbali kuja kulitazama. Injini ikilia, usiitazame kama mgeni. Itafutie sababu.

Kila mlio una maana yake

Ukisikia tik-tik-tik nyepesi kutoka juu ya injini, kama cherehani, mara nyingi hizo ni tapeti. Ama oili ni kidogo, ama mwanya wa vali umekuwa mkubwa. Injini za zamani za akina Joginder zilihitaji tapeti zirekebishwe mara kwa mara. Unaweka pistoni ya silinda hiyo juu kabisa wakati vali zote mbili zimefungwa, unapitisha kibamba cha kupimia mwanya, unakaza au kulegeza mpaka kibamba kipite kwa ugumu kidogo. Magari mengi ya siku hizi hujirekebisha kwa oili, na ndiyo maana oili chafu huyafanya yapige kelele hiyo hiyo.

Ukisikia mgongo mzito kutoka chini, du-du-du, hasa unapokanyaga au kuachilia mafuta, hapo usicheze. Huenda ni beringi ya konrodi imelika. Mafundi wa zamani walikuwa wanachomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine injini ikinguruma. Ukichomoa wa silinda fulani na mgongo ukapungua, umeipata silinda mgonjwa. Fanya hivyo kwa uangalifu, maana umeme wa plagi unapiga, na kwenye magari mapya afadhali uzime kwanza ndipo uchomoe soketi ya koili. Ukithibitisha, injini isiwashwe tena. Mwambie mwenye gari ukweli hata kama hataupenda. Gari likivutwa leo, huenda beringi na kusaga krenki vikatosha. Likiendeshwa mpaka Webuye, konrodi yaweza kutoboa ukuta wa injini, na hapo hakuna cha kurekebisha.

Ukisikia sauti kama njugu zinazotikiswa ndani ya kopo gari linapopanda mlima, ni mafuta yanawaka kabla ya wakati wake au kwa namna isiyofaa. Uliza petroli ilinunuliwa wapi, maana petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta shida hiyo. Tazama pia taimingi na kama injini inapata moto kupita kiasi.

Mlio mkali wa kukwaruza masikio asubuhi, unaotoweka baada ya dakika chache, mara nyingi ni mkanda uliolegea au kuzeeka. Pumzi ya chuf-chuf inayosikika injini ikiwa baridi na kufifia inapopata moto ni gasketi ya eksozi inayovuja, kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka na kuziba ufa. Mngurumo wa kusaga kutoka mbele unaweza kuwa wa beringi ya pampu ya maji au ya altaneta. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye gamba la pampu, na mpini uugusishe mfupa ulio mbele ya sikio. Kisha fanya hivyo kwenye altaneta. Palipo na ugonjwa utasikia kama mchanga unasagwa. Funga mikono ya shati, weka bisibisi mbali na feni, wala usiharakishe.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu bila hayo huwezi kuelewa alichokuja kufanya Joginder. Watu walimwona akiendesha. Ni wachache waliofikiria kwamba wakati wote huo alikuwa pia anasikiliza.

Pasaka ya 1965

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, wakati wa sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi zilikuwa zinafanyika wikendi ya Pasaka, wakati wa mvua. Madereva walikuwa wanapita maelfu ya kilomita za Afrika Mashariki, mchana na usiku, kwenye vumbi, tope, mito iliyofurika na mawe. Haikuwa kazi ya mwenye mwendo wa kasi peke yake. Mwaka 1963, magari 84 yalianza na ni 7 tu yaliyomaliza. Mwaka 1968, magari 93 yalianza, na tena yakamaliza 7 tu.

Joginder aliingia mbio hizi mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Hakuwa mtoto wa tajiri anayecheza na magari ya baba. Alikuwa fundi, na alikuwa Mwasia katika mchezo ambao mpaka wakati huo madereva washindi wake wote walikuwa Wazungu.

Mwaka 1965, Kenya ikiwa ndio kwanza imekuwa jamhuri, Joginder alipanga mstari na mdogo wake Jaswant kama mwelekezi. Gari lao lilikuwa Volvo PV544, na halikuwa jipya. Lilikuwa limeshatumika. Lilikuwa na injini ya silinda nne ya lita 1.8 yenye kabureta mbili, injini ngumu isiyo na mbwembwe. Wao ndio waliopewa namba 1, maana yake walitangulia kuondoka. Ukitangulia kwenye tope, hakuna alama za matairi za kufuata, na mto uliofurika wewe ndiye unayeupima kwanza.

Ndugu hao wawili walishinda kwa zaidi ya saa moja. Fikiria hilo tena: gari la mtumba, fundi wa barabarani na mdogo wake, mbele ya timu za viwanda vya Ulaya. Kenya nzima ililijua jina la Joginder. Watu wakamwita Simba wa Kenya, na huko nje akajulikana kama Singasinga anayepaa.

Waliobaki njiani wakati wengine wanavunjika

Ukitaka kujua ukubwa wa Joginder, ushindi ni upande mmoja tu. Tazama ni mara ngapi alimaliza. Katika mbio 22 za Safari alizoshiriki, alifika mwisho mara 19. Hata ule mwaka wa 1968 ambapo karibu kila gari liliangamia, yeye alikuwa mmoja wa wale 7 waliofika, akiwa na Datsun.

Sasa wewe kama fundi jiulize, hiyo inawezekanaje? Barabara ni ile ile, mvua ni ile ile. Tofauti ni namna mtu anavyolitumia gari. Dereva asiyejua injini husikia mlio mpya akaongeza redio, au siku hizi tungesema akaongeza muziki. Dereva aliye fundi husikia tapeti zikianza kulia akajua oili inapungua, akapunguza mwendo kabla ya hasara. Anajua lini gari linalalamika tu na lini linakufa. Kupoteza dakika kumi kwa kukaza kitu kilicholegea ni afadhali kuliko kulala porini na gari lililokufa.

Mwaka 1974, Safari ya mvua kubwa, alirudi na gari ambalo wengi hawakulipa nafasi: Mitsubishi Colt Lancer yenye injini ya lita 1.6. Mwelekezi wake alikuwa David Doig. Nyuma yao, katika nafasi ya pili, akamaliza Björn Waldegård wa Sweden aliyekuwa na Porsche 911, gari lenye nguvu zaidi kwa mbali. Miaka miwili baadaye, 1976, Joginder na Doig wakashinda tena, na safari hiyo Lancer zikachukua nafasi zote tatu za kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 44. Ndipo jina la Lancer lilipopata heshima barabarani mwetu, na mpaka leo kuna wazee wanaolitaja kama wanamtaja mtu wa ukoo.

Miaka iliyofuata Shekhar Mehta, Mkenya mwingine, alikuja akaweka rekodi ya kushinda Safari mara tano, na Joginder akawaachia wadogo zake usukani. Alifariki jijini London mnamo Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Mwaka 2021 Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia, huko Naivasha, vijana wengi waliokwenda kutazama walikuwa hawajazaliwa Joginder alipokuwa uwanjani.

Sasa ni zamu yako

Najua unachofikiria. Mambo yamebadilika. Siku hizi kuna kompyuta ya kuchomeka chini ya dashibodi, inasoma kosa, na kijana wa Sigalagala aliyesomea kozi hiyo anaijua vizuri kuliko wazee. Ni kweli, na usiidharau mashine hiyo. Inajua mambo ambayo sikio haliwezi kujua.

Lakini elewa inafanyaje kazi. Kwenye injini nyingi za kisasa kuna kifaa kidogo kimefungwa ubavuni, na kazi yake ni kusikiliza ile sauti ya njugu ndani ya kopo ili kompyuta irekebishe taimingi. Yaani walichofanya wahandisi ni kuchukua sikio la fundi na kulifunga kwa bolti. Na kifaa hicho kina mpaka wake. Hakitakuambia mkanda umelegea. Hakitakuambia beringi ya pampu ya maji imeanza kusaga. Kompyuta inaweza kunyamaza kabisa huku injini inagonga chini. Fundi anayesubiri taa iwake ndipo aamini kuna shida atachelewa siku nyingi.

Halafu kuna jambo la uaminifu, ambalo kwangu ndilo kubwa. Mwenye ile Probox huenda amechukua mkopo wa chama kuinunua. Karo ya watoto iko ndani ya ile injini. Ukimwambia injini imekufa anunue nyingine ya mtumba kutoka Japani, kumbe ilikuwa gasketi ya eksozi inayovuja, umemrudisha nyuma mwaka mzima. Na ukimwambia aende tu, kumbe konrodi inagonga, umempeleka yeye na abiria wake wakazimikiwe na gari mlimani usiku. Katika hali zote mbili kosa lako halikuwa la mkono. Ulikosa kusikiliza.

Kwa hivyo, kijana mwenzangu, anza kidogo. Kila gari zima linaloingia gerejini, lisikilize dakika moja kabla hujalifanyia chochote. Usipoijua sauti ya injini nzima, hutaitambua ya mgonjwa. Nunua daftari la bei rahisi. Andika aina ya gari, mlio ulivyokuwa, ulidhani ni nini, na ilikuja kuwa nini. Usione haya kuandika uliyokosea, hayo ndiyo yenye faida. Muulize mzee wa gereji yenu kwa nini amesema ni pampu na si altaneta, naye akikupa bisibisi uguse mwenyewe, shukuru, maana amekupa kitu ambacho yeye hakukinunua.

Joginder Singh alipewa kitu hicho katika gereji ya baba yake. Alikwenda nacho barabarani kwa wenye magari waliokwama, kisha akakipeleka kwenye tope la Safari mara 22. Siyo kila mmoja wenu atakuwa bingwa wa mbio za magari. Lakini kesho asubuhi kuna gari litaingia Kakamega likilia, na mwenyewe atashuka akutazame usoni. Kabla ya kushika spana, mwombe aliwashe. Halafu nyamaza usikilize.